Litatoka Litakapokuwa Tayari

Wahenga wetu hawakukubaliana kuhusu kungoja. Walioketi upande mmoja wa jamvi walituambia kuwa haraka haraka haina baraka na kuwa subira huvuta heri. Walioketi upande wa pili wakajibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Tangu shule ya msingi nimezikariri methali hizi na kutuzwa alama kwa kuzikamilisha, lakini sikuwahi kuulizwa ni upande upi uliosema kweli. Swali hilo lilinijia nikiwa mtu mzima, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na aliyenizulia si mhadhiri wa fasihi simulizi bali mwenzangu wa chumba aliyekuwa akisomea sayansi ya tarakilishi.

Nilikuwa nimenunua kipakatalishi cha mtumba, kikuukuu, ambacho kilikuwa kikiwaka kwa kuvutavuta mithili ya mzee anayeinuka kitini. Mwenzangu alikihurumia. Jioni moja alikifuta chote, akakiwekea Debian, mojawapo ya mikusanyo ya programu inayojengwa juu ya Linux. Kikapata uhai. Siku chache baadaye niliona programu yangu ya kuandikia ni ya zamani kidogo kuliko ile waliyokuwa nayo wenzangu darasani, nikamuuliza toleo jipya la Debian lingetoka lini. Alinijibu bila kuinua macho, "Litatoka litakapokuwa tayari."

Nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa kikavu. Jibu hilo nililijua. Ndilo nililokuwa nikimpa Baba kila aliponipigia simu kuniuliza habari za tasnifu yangu.

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Karo yangu ya mwaka wa kwanza ilitokana na mtamba aliyemuuza kwa uchungu, maana alikuwa amekaribia kuzaa. Nilimwahidi kwamba ningefuzu Disemba 2023. Baba naye akaichukua ahadi yangu akaifanya yake: akawaambia majirani, akawaambia waumini wenzake kanisani, akampeleka fundi kitambaa cha suti. Disemba hiyo ilipita. Nikamwambia ni Disemba ifuatayo. Nayo ikapita. Mwanzoni aliuliza, "Mwanangu, ni lini?" Baadaye aliacha kuuliza. Alikuwa akinisalimu, akinieleza habari za mvua na mahindi, kisha akinitakia usiku mwema. Ndipo nilipotambua kuwa kuulizwa ni heri, maana anayeuliza bado anatarajia.

Kwa hivyo jibu la mwenzangu halikuniburudisha, liliniudhi. Nilitaka kujua ni watu wa aina gani wanaothubutu kuuambia ulimwengu mzima maneno ambayo mimi niliona haya kumwambia mzee mmoja. Nikaanza kusoma habari zao, mwanzoni kwa udadisi tu, hatimaye kwa bidii ambayo msimamizi wangu angependa niielekeze kwenye sura ya nne.

Linux yenyewe ni kiini tu, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Kiini pekee hakimwandikii mtu barua wala hakimchezei wimbo. Sharti kizungukwe na maelfu ya programu nyingine, na programu hizo zipatanishwe ili zisigombane. Kazi hiyo ya kukusanya na kupatanisha ndiyo inayofanywa na Debian, jumuiya iliyoanzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani. Wanajumuiya hujitolea. Kila mmoja hutunza furushi lake la programu, au mafurushi kadhaa, baada ya kazi inayomlisha. Hakuna msimamizi awezaye kumwamuru yeyote afanye kazi usiku wa leo. Huwezi kumkata mshahara mtu usiyemlipa.

Hapo pana kiini cha mambo. Mwenye kampuni akitangaza tarehe, anatangaza jambo analoweza kulishurutisha, japo kwa gharama. Jumuiya ya kujitolea ikitangaza tarehe, inaahidi kwa kutumia jioni za watu wengine. Ahadi ni deni, na si uungwana kukopa kwa jina la mtu usiyeweza kumlipia.

Wana-Debian walijifunza mapema kwamba kutolewa kabla ya wakati nako kuna hasara. Mwishoni mwa 1995, kampuni moja iliyokuwa ikiuza programu katika diski ilichukua nakala iliyokuwa ingali inatengenezwa, ikaiuza kwa jina la Debian 1.0. Haikuwa kamili. Ili watu wasichanganyikiwe, jumuiya iliamua kuwa toleo la 1.0 halitakuwako kamwe; toleo lililofuata, la Juni 1996, likaitwa 1.1. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka kila mwanafunzi ambaye rasimu yake ilisambazwa kabla hajaisahihisha. Namba iliyoruka ni kovu, na kovu hilo lingalimo katika historia yao hadi leo.

Hata hivyo, asidhani msomaji kwamba ninawatetea wanaochelewa. Toleo la Debian lililopewa jina la Woody lilitoka tarehe 19 Julai 2002. Lililofuata, Sarge, lilitoka tarehe 6 Juni 2005. Ni takribani miaka mitatu. Majina hayo, kwa taarifa, ni ya wahusika wa filamu ya Toy Story. Na ukumbi ambamo mafurushi mapya hupokelewa kwanza huitwa Sid, jina la yule mtoto wa jirani anayevunjavunja vitu vya kuchezea. Katika miaka hiyo mitatu watu walinunua tarakilishi mpya ambazo Woody hakuzifahamu. Waliokuwa wakingoja walichoka, na si kwa utovu wa subira, bali kwa kuwa toleo walilokuwa nalo lilikuwa limezeekea mikononi mwao.

Sababu za kuchelewa kwa Sarge zilikuwa nyingi. Programu ya kusakinisha iliandikwa upya, nayo ndiyo mlango wa nyumba: mlango usipofunguka, uzuri wa sebule haumfaidi mgeni. Jambo hilohilo liliwapata jirani zao wa Fedora miaka kadhaa baadaye, pale toleo lao la 18, lililotarajiwa Novemba 2012, lilipotoka tarehe 15 Januari 2013 kwa sababu ya mlango uleule wa kusakinisha uliokuwa ukijengwa upya. Aidha, Sarge ilipaswa kufanya kazi kwenye aina 11 za mitambo, ikiwa na mafurushi zaidi ya 15,000.

Lakini sababu iliyonisisimua mimi, mwanafunzi wa lugha, ilikuwa neno moja. Debian ina mkataba wake na jamii, ulioidhinishwa mwaka 1997. Kipengele chake cha kwanza kiliahidi kuwa Debian itabaki kuwa programu huria kwa asilimia 100. Mwezi wa Aprili 2004 wanachama walipiga kura kuhusu mabadiliko yaliyoitwa ya kiuhariri tu. Katika mabadiliko hayo, neno "programu" liliondolewa kwenye ahadi hiyo, ikabaki kwamba Debian itabaki kuwa huria kwa asilimia 100. Ni kalamu tu iliyopita juu ya neno. Ila aliyekuwa akisimamia matoleo alilisoma jipya kama alivyopaswa kulisoma: ikiwa si programu tu bali kila kilichomo lazima kiwe huria, basi miongozo ya matumizi na vipande vingine vingi vilivyokuwa vimevumiliwa sharti viondolewe au vibadilishwe kabla ya Sarge kutoka. Ilibidi wapige kura nyingine katikati ya mwaka huo ili kuahirisha nguvu ya neno walilolifuta. Wanafunzi wenzangu wa isimu, tunapoambiwa kuwa sisi hushughulika na maneno matupu, na tukumbuke mfano huu.

Wakati Sarge ingali jikoni, mwana alikwenda kwa wengine. Oktoba 2004 lilizaliwa toleo la kwanza la Ubuntu, lililoasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini kwa kutumia kazi ya Debian yenyewe. Jina hilo ni la Kizulu na Kixhosa, na mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa: ni utu. Ubuntu ilikuja na ahadi ambayo Debian haikuitoa: toleo jipya kila miezi sita, Aprili na Oktoba, na namba ya toleo kuwa mwaka na mwezi wenyewe, ili asiyetimiza aumbuliwe na jina lake. Nyuma yake palikuwa na kampuni yenye wafanyakazi wa kulipwa. Hata wao, toleo lililotazamiwa Aprili 2006 lilisogezwa wiki 6 hadi tarehe 1 Juni, wakabadilisha na namba yake ikawa 6.06. Toleo hilo liliahidiwa kutunzwa kwa miaka mingi kuliko mengine, nao wakaona ni afadhali kuvunja kalenda kuliko kuweka msingi wenye ufa. Walisema mapema, wakataja na sababu. Tofauti ya kuchelewa na kudanganya imo humo.

Je, fedha zingetibu ugonjwa huu? Hilo nalo lilijaribiwa. Mwaka 2006 baadhi ya wana-Debian walichanga pesa ili wasimamizi wawili wa matoleo walipwe, kila mmoja kwa mwezi mmoja, toleo la Etch liwahi Disemba. Wengine waliona dhuluma: kwa nini huyu alipwe na mimi nijitolee? Baadhi yao wakapunguza kazi. Etch ikatoka tarehe 8 Aprili 2007, miezi minne baada ya muda uliokusudiwa. Sidai kuwa malipo ndiyo yaliyoichelewesha, maana dosari hazikosekani. Nilichokiona ni kwamba kazi ya harambee ina heshima yake, na ukiigusa heshima hiyo bila mashauriano, nguvu ulizoziongeza upande huu hupungua upande ule.

Nilipofika hapo nilikuwa nimeshiba visa lakini bado sijapata dawa. Dawa niliipata katika jambo dogo ambalo mwenzangu wa chumba alilitaja kana kwamba linajulikana na kila mtu. Ilikuwa mapema mwaka 2025, naye alikuwa akingoja toleo la Trixie. Nilimkejeli kwamba anangoja kitu kisicho na tarehe. Akanisahihisha. "Tarehe ipo," alisema. "Ila si ya kutoka. Ni ya kugandisha."

Akanieleza. Siku hizi Debian hutangaza mapema siku ambayo mlango wa kuongeza mambo mapya utaanza kufungwa. Kwa Trixie, hatua ya kwanza ilipangwa tarehe 15 Machi 2025: kuanzia hapo hakuna mageuzi makubwa yanayogusa mafurushi mengi kwa pamoja. Hatua ya pili ni tarehe 15 Aprili: mabadiliko madogomadogo tu. Ya tatu ni tarehe 15 Mei: masharti yakaze zaidi. Kisha kinachobaki ni kusahihisha. Dosari zinazozuia toleo huwekwa katika orodha iliyo wazi, nayo husomwa na yeyote, adui na rafiki. Orodha ikipungua kiasi cha kutosha, ndipo siku ya kutoka hutangazwa. Trixie ilitoka tarehe 9 Agosti 2025.

Usiku huo sikulala vyema. Nilifungua jalada la tasnifu yangu na kuitazama kwa jicho la mtu wa timu ya matoleo. Mada yangu ni usimulizi katika riwaya ya Kiswahili tangu miaka ya 1990. Pendekezo langu lilikuwa na riwaya nne. Jalada lilikuwa na riwaya tisa. Kila riwaya mpya ilipotoka niliiona kama tusi kwa sura zangu, nikaiingiza. Kila nadharia niliyosikia ikitajwa kwenye semina niliipa kurasa. Nilikuwa nimemwambia Baba kuwa ninachelewa kwa sababu ninasahihisha, na huo haukuwa ukweli. Nilikuwa ninaongeza. Aongezaye hasahihishi, kila anachoingiza huleta dosari zake, na dosari hizo huamsha zile za kale zilizokuwa zimelala. Kauli ya "litakapokuwa tayari" inapotoka kinywani mwa mtu asiyefunga mlango, haina tofauti na "kamwe".

Nilichukua karatasi nikaandika: tarehe 15 Mei 2025, nagandisha. Nikaondoa riwaya tano. Mbili kati yake niliziondoa kwa uchungu wa mtu anayeuza mtamba. Kisha nikaiandika orodha ya dosari za kuzuia, zile ambazo nikizificha mtahini atanirudishia kazi: sura ya tatu haijibu swali la pili la utafiti, fasili ya msimulizi inatofautiana katika sura ya pili na ya nne, hitimisho linataja riwaya ambazo hazimo tena, na kadhalika. Zilifika 23. Makosa ya koma sikuyaandika, maana wana-Debian nao hutofautisha kasoro inayozuia toleo na kasoro inayoudhi tu.

Jumapili iliyofuata nilimpigia Baba simu. Sikungoja aniulize. "Baba," nilisema, "sijui ni lini nitafuzu. Ila nimeacha kuongeza. Kuna mambo 23 ya kurekebisha, na kila Jumapili nitakwambia yamebaki mangapi."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Subiri nichukue kalamu." Nikasikia kiti kikisukumwa na kurasa zikifunuliwa. "Haya, nisomee."

Nikamsomea yote 23. Sikudhani kwamba angefuata habari za fasili ya msimulizi, lakini alikuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka 30, akaniuliza maswali mawili ambayo msimamizi wangu hajawahi kuniuliza. Mwishowe alisema, "Miaka miwili umekuwa ukinipa tarehe. Leo ndipo umenipa jibu." Tangu siku hiyo simu zetu zilirudi kuwa ndefu. 19. 16. Wiki moja idadi ilipanda badala ya kushuka, kwa kuwa rekebisho moja lilikuwa limefukua mengine matatu. Nilimwambia vivyo hivyo. Akacheka, akaandika.

Ningali naamini kuwa methali zote zile nne ni za kweli, ila zinahusu kungoja kwa namna mbili. Kuna kungoja gizani, ambako humwumiza mtu tumbo hata kukiwa kwa wiki moja. Na kuna kungoja ambako mwenye kungojewa amefunga mlango wa nyongeza, ameziweka dosari zake hadharani, na anazihesabu mbele yako. Huko huvuta heri, au angalau hakumvunjii mtu heshima. Wanaofasiri programu kwa lugha zetu wanaijua tofauti hii kwa namna yao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa KiLinux, uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Mfasiri wa kazi kama hiyo hawezi kumaliza ikiwa maneno asilia yanabadilika kila usiku, na ndiyo sababu jumuiya kama Ubuntu na Fedora huweka siku maalumu ya kuyagandisha maneno. Bila siku hiyo, mfasiri anafukuza kivuli.

Sitaki kuimaliza insha hii kwa kudanganya kwamba aliyengoja vyema hupata kitu kisicho na doa. Baada ya miaka mitatu yote ile, diski za kwanza za Sarge zilitoka na kosa: mipangilio ya mahali pa kuchukulia marekebisho ya usalama haikuwa sahihi. Ikabidi watoe diski nyingine zilizorekebishwa. Hawakujificha. Walilitangaza kosa, wakalitengeneza, wakaendelea.

Mimi niliwasilisha tasnifu yangu Septemba 2025, dosari zikiwa zimebaki sufuri katika daftari la Baba. Siku tatu baadaye, nikiisoma tena, niliona katika ukurasa wa shukrani kwamba nimelikosea jina lake la pili kwa herufi moja. Nilimpigia simu kumwambia. Alisema niiache hadi watahini watoe maoni yao, kisha niyarekebishe yote kwa pamoja. Hakuniuliza mahafali ni lini. Suti ingali kwa fundi, haijakatwa. Na katika daftari lake, chini ya ile sufuri, ameandika moja.